Mitutu Sita na Mkasi wa Oleta

...na mikono ikae mifukoni mpaka honi ilie, hiyo ndiyo sheria ya maonyesho haya ya bunduki, amesema Gentry, mwenye gari, mwenye bunduki, mwenye tumbo, na Verlin Stamper ameitii, mikono iko mifukoni, amesimama nyuma ya mstari wa njano kama mtoto anayengoja zamu ya bembea, na mbele yake, juu ya gari kuukuu la jeshi lililopakwa rangi mpya ya kijani, bunduki yenyewe imeelekea kilimani, mitutu sita imefungwa pamoja kwenye duara moja, mkanda wa risasi umejikunja ndani ya sanduku lake, waya mnene umeshuka hadi kwenye betri, na Verlin anautazama waya kwanza, si mitutu, waya, kwa sababu bila umeme kitu hiki ni mzigo wa chuma tu, na zamani ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza asubuhi, kuushika waya, kuuvuta kidogo, kuuambia habari za asubuhi... honi hailii kwa sababu boti linawaka, boti bovu walilolitupa huko chini ya machimbo liwe shabaha, limeshika moto, na watu wawili wa zimamoto wanalimwagia maji kwa mwendo wa watu wanaolipwa sawa wakiwahi wakichelewa, na watu wote wa Kentucky wenye simu wamesimama huku nyuma wanangoja.

"Itakushtua, Mzee," Gentry anasema, na maneno yanafika kama ya mtu aliyejifunika blanketi, kwa sababu Verlin amevishwa vile vifuniko vikubwa vya masikio, "ina nguvu hii, bonyeza, hesabu moja, mbili, achia, na ukiachia usikimbilie kuondoa mikono, inazunguka bado, inatema zilizobaki..." na Verlin anaitikia kwa kichwa, asante, asante, ana adabu zake, ni kama anafundishwa jina la mama yake mwenyewe naye anasema asante, kwa sababu Gentry hana ubaya, Gentry alizaliwa vita vimekwisha zamani, ameipenda bunduki kama wengine wanavyopenda farasi, na tena ndiye aliyekubali mzee apige bure aliposikia kwamba ni siku yake ya kuzaliwa, sabini na sita, zawadi ya Darla, binti yake, huyo hapo pembeni ameinua simu, anasema kitu, tabasamu Baba pengine, na Verlin anatabasamu ikiwa ndilo hilo.

Inazunguka bado, ndiyo, hilo alikuwa amelisahau, au vidole vilikumbuka na kichwa kikasahau, ule mzunguko wa mwisho baada ya kuachia, mitutu inapunguza mwendo, inahema, maganda ya mwisho ya risasi yanaanguka kwenye bati, kling, kling, na harufu, baruti na grisi iliyochemka na mafuta ya helikopta, na chini yake yote harufu ya msitu uliotoka kunyeshewa, hakuna mahali pengine duniani amewahi kuipata harufu hiyo, aliitafuta, Mungu ni shahidi, aliitafuta kwenye gereji, aliitafuta kwenye maonyesho ya ndege, haipo... Helikopta yao ilikuwa ya uokoaji, kubwa kama basi la shule, ilikwenda kuwachukua marubani walioangushwa, na ilikuwa na bunduki tatu za namna hii, mlango wa kulia Batiste, dirisha la kushoto Kuzniar, na yeye nyuma, kwenye lango la mkia lililoteremshwa, ameketi miguu inaning'inia juu ya Vietnam nzima, amefungwa kiunoni kwa mkanda, mwaka mzima akiruka kinyumenyume, wenzake wakiona waendako na yeye akiona watokako, na labda ndiyo maana mpaka leo yuko hivi, Oleta alikuwa akisema, mume wangu ukimtaka mtafute jana... Batiste alikuwa na kahawa yake chungu ya Louisiana ndani ya chupa, akiipitisha nyuma mkono kwa mkono, na kwenye redio ya masikioni akiuliza kila safari, Stamper, huko nyuma kukoje, naye anajibu, tumeshapita, na Batiste anasema, sasa mtoto wa mlimani, ungejuaje kama hatujapita, na Kuzniar anacheka, na rubani anasema nyamazeni wapumbavu wangu, wapumbavu wangu alikuwa akiwaita, kwa mapenzi... amewakumbuka, amewakumbuka, Batiste ini lilimchukua, Kuzniar sijui, kadi za Krismasi zilikoma, na rubani alikuwa mzee hata wakati ule, alikuwa na miaka thelathini na moja.

Darla amesogea. Anasema kitu karibu na bega lake, midomo inakwenda, Verlin anaona midomo ile ile ya Oleta, mama yake, anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na mawazo hayajarudi, yamekwama kwenye mtu mmoja, hata jina lake hawakupewa muda wa kulijua, rubani kijana aliyelala msituni siku mbili na mguu uliovunjika, wakamvuta juu kwa winchi, Batiste akamburuta ndani na kumlaza juu ya maganda ya moto, ndevu, matope, macho makubwa, akatambaa mpaka nyuma kwa Verlin, kwa nini kwa Verlin, hakuna ajuaye, akamshika shingo na kumpigia kelele sikioni, nilisikia mtu anapasua shuka, nikasema ndio hao, wamekuja, nimepona, kisha akacheka, kisha akamtapikia viatu. Shuka. Verlin alishangaa, kwa sababu yeye aliyekuwa nyuma ya bunduki hakusikia shuka hata siku moja, helmeti kichwani, injini juu, yeye aliisikia kwa meno na kwa mfupa wa kifua, mngurumo tu, lakini kwa mbali, kumbe, kwa aliyelala chini anangoja, risasi ni nyingi mno kuhesabika, zinaungana, zinakuwa mpasuko mmoja mrefu... na wale wengine chini ya miti, wale ambao haikuja kuwaokoa, wao walisikia nini, hilo hakuwahi kuambiwa, na lipo, analijua lilipo, hukaa nalo kanisani.

Na mwaka uliofuata yuko nyumbani, ameoa, Oleta Combs, msichana mwenye mikono stadi kuliko mikono ya watu wote bondeni, mshonaji wa mablanketi ya viraka, na Verlin yuko karoni anaosha grisi ya gereji, na kutoka chumba cha pili, kraaaaa... Alifika mlangoni hajui amefikaje, mikono inatiririka povu. Oleta alikuwa amesimama dirishani na kitambaa cha kaliko cha buluu, kwa sababu wanawake wa huku hawakati kitambaa cha blanketi, wanakitia mkasi kidogo pembeni, wanakishika pande mbili na kukipasua, uzi wenyewe unajua njia, kinatoka kimenyooka kuliko rula, na alikuwa amekishika, nusu kimepasuka, anamtazama. Verlin? Endelea, akasema, endelea tu. Akapasua. Na Verlin akasimama ameshika mwimo wa mlango, machozi yanamtoka, kwa sababu ndiyo kwanza anaisikia bunduki yake, kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaisikia kama alivyoisikia yule mwenye mguu uliovunjika, anajisikia mwenyewe akija, ndio hao, wamekuja, nimepona... Kila mkewe alipopasua, yeye alikuja mlangoni. Hakusema kitu, angesema nini, wanaume wa mlimani hawaongei habari za kitambaa, alisimama tu, akasikiliza, akarudi alikotoka na siku yake imenyooka. Halafu sauti ikakoma. Labda mwaka, labda miwili, ikakoma, naye akadhani Oleta amebadilisha mtindo, ushonaji nao una fasheni zake, hakuuliza, alihuzunika kidogo, akazoea, mtu huzoea...

Sikio la kushoto linafunguka ghafla, Darla ameinua kifuniko kwa kidole, dunia inaingia, watu, moshi, mbwa wa mtu.

"Baba, nimekuuliza mara mbili. Ukitaka tuondoke, tunaondoka. Gentry hatakasirika."

"Tuondoke kwa nini?"

"Basi tu. Mama angenichuna ngozi akijua nimekuleta hapa."

"Mama yako alikuwa na neno gani na hapa?"

"Si unajua." Darla anatazama boti, hamtazami yeye. "Kitambaa chenyewe alitukataza kupasua ndani ya nyumba. Sisi wasichana wake, mimi na Janelle. Kateni kwa mkasi, alisema, baba yenu akisikia anaumia, nilimwona uso. Miaka yote ile, Baba. Hata baridi yabisi ilipomkamata vidole, mkasi tu. Nilimwambia Mama, Baba hayupo, yuko kazini, pasua, akasema anaweza kurudi mapema."

...anaweza kurudi mapema, na Verlin anaona vidole, kumbe alikuwa ameviona, alikaa navyo mezani kila jioni, maharage na mkate wa mahindi na vile vidole, vimevimba kwenye viungo, vimepinda, alivipaka dawa yeye mwenyewe wakati wa baridi, kimoja kimoja, akisema pumzisha mikono mama, punguza hayo mablanketi, naye akisema sawa, sawa, akimtazama kwa jicho lile la mtu mwenye siri njema, na mkasi uko kwenye kikapu miguuni, miaka arobaini, kubana na kuachia, kubana na kuachia, kaliko ngumu, tabaka mbili za pamba kwa pamoja, kazi ya nukta moja ameifanya ya nusu saa, kwa maumivu, ili mumewe asipate maumivu, na mumewe huku amekaa barazani anaitamani ile sauti, anaitamani, ee Oleta, si ungeuliza, ee Verlin, si ungesema, chumba na chumba, ukuta mmoja wa mbao, na kila mmoja anamlinda mwenzake...

"Halafu baada ya mazishi ya Mama," Darla anasema, na sauti yake imepungua, "nikakuona na simu usiku ule. Ile video ya helikopta na bunduki yake. Unasikiliza, unairudisha nyuma, unasikiliza tena. Na huumii. Nimekutazama Baba, ulikuwa huumii. Nikasema labda..." Anaigeuza simu mkononi. "Mama alikosea?"

Na hapo ndipo penyewe, si kwenye bunduki, bunduki ni chuma na waya, inaweza kungoja mpaka kesho, ni hapa, kwa mtoto huyu wa miaka hamsini mwenye midomo ya mama yake, akimwambia hapana, Mama alikuwa sahihi, niliumia, basi vidole vya Oleta vinabaki na maana yake, vinalala salama kaburini, na yeye Verlin anaendelea kuwa mtu ambaye hakuna aliyemjua hata siku moja, na akimwambia ndiyo, alikosea, basi miaka arobaini ya mkasi inamwagika bure, na maji yakimwagika hayazoleki... bure? Anaushika mwimo ambao haupo, kidole gumba kinasugua kitambaa cha mfuko. Bure vipi. Yule kijana msituni alisikia mpasuko akajua kuna watu wanamjia. Na yeye, nyumbani kwake, alisikia nini miaka yote? Kimya. Alidhani ni kimya tu, nyumba imetulia, mke anashona. Ndani ya kimya kile kulikuwa na mtu anayemjia kila siku, kwa vidole vibovu, mkato kwa mkato, kama wao walivyomwendea yule, hata bila kuwa na hakika kwamba yupo hai, na alifika, Oleta alifika, kila siku, na yeye hakujua kwamba anaokolewa.

Huko chini maji yanamwagwa bado na moshi umegeuka mweupe, Gentry anapiga miayo, mikono ya Verlin haijatoka mifukoni.

"Alikosea," anamwambia binti yake. "Nilikuwa naipenda sauti ile, Darla. Na hakuna mtu aliyenipenda kama mama yako alivyokosea."

Darla ameishusha simu. Anamtazama kana kwamba baba yake ndiyo kwanza ameingia mlangoni.