Taarifa ya Bi Khairat

Jumatatu ya kwanza ya likizo, Bi Khairat aliwahi benki Chake Chake, akachukua namba, akakaa karibu na feni. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika skuli moja ya Micheweni. Alitaka mkopo wa kumpeleka mumewe, Hamdan, Unguja kufanyiwa operesheni ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshaziba. La kulia lilibakiwa na mwanga kidogo.

Fahmi, afisa mikopo, aliitazama kompyuta kwa muda.

"Mwalimu, mkopo wako wa zamani una miezi mitatu ambayo haikulipwa kwa wakati. Machi, Aprili na Mei, mwaka juzi."

"Nimeshaulipa wote."

"Umemaliza, kweli. Lakini ile mitatu inabaki kwenye taarifa yako ya mikopo. Una haki ya kuiona. Niiite?"

"Iite."

Fahmi akafungua mlango wa nyuma. Akatoka mwanamke mwenye uso wa Bi Khairat, kavaa buibui lililopauka mabegani, lile ambalo Bi Khairat alikuwa akilivaa mwaka juzi. Alikuwa amekonda sana. Mteja mmoja akasogea kumpisha kitini.

"Mie nilikosa kulipa Machi, Aprili na Mei," Taarifa alisema.

"Ulikosa kwa sababu gani?" Bi Khairat akamuuliza.

"Sababu sikuletewa."

Bi Khairat akatoa barua mkobani. Mwaka juzi alihamishwa kutoka Wambaa kwenda Micheweni, jalada lake likakwama ofisi ya mishahara, na mshahara ukasimama miezi mitatu. Alifundisha kila siku bila malipo. Makato ya mkopo hutoka kwenye mshahara, kwa hiyo nayo yalisimama. Barua ilikiri hivyo, na muhuri ulikuwapo.

Taarifa akaisoma mpaka mwisho, akairudisha.

"Pole, Bi. Ila mie siandikwi na wewe."

Fahmi alieleza kwamba marekebisho huombwa na mkopeshaji, mkopeshaji husubiri ofisi ya mishahara, na ofisi ya mishahara huona barua yake imetosha. Alieleza polepole, kama mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi wiki ile. Ombi la mkopo halikupita.

"Nakala hii ni yako, Mwalimu. Nenda nayo."

Yeye na Taarifa wakapanda gari pamoja. Bi Khairat akalipa nauli mbili.

Nyumbani, Hamdan alisikia nyayo za watu wawili.

"Umekuja na nani?"

"Taarifa yangu."

"Karibu," Hamdan akasema, akajisogeza mkekani.

Taarifa alikula muhogo wa nazi na samaki, akaongezwa, akala tena bila kuinua macho. Bi Khairat akakumbuka kwamba miezi ile alikuwa akimwambia mumewe ameshakula skuli. Akaisukuma sahani yake mbele ya mgeni.

"Huyu ana njaa ya siku nyingi," Hamdan alisema.

"Ndiyo," Bi Khairat akajibu.

Aliomba mkopo tena mwezi wa nane, na tena mwezi wa kumi na mbili, kwa barua ile ile, akapewa jibu lile lile. Jicho la kulia likaziba kabla ya Ramadhani.

Sasa, Bi Khairat akiwa darasani, Taarifa ndiye anayemshika Hamdan mkono mpaka mlango wa msikiti, na majirani humwamkia kama wanavyowaamkia wengine. Adhuhuri moja Hamdan alisimama njiani, akauliza, "Ni wewe, au ni yule?"

"Ni mie," Taarifa akajibu kwa sauti ile ile ya Bi Khairat, na Hamdan akaendelea kutembea.