Sanduku la Kumi na Tisa

Ningekuwa na nguvu, siku ile ningeling'oa ghala lote la miamba nikalitupe huko. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Jumatatu nilikuwa natetea tasnifu yangu, na kazi niliyoahidiwa ilikuwa inaningoja nimalize tu. Nilikwenda kupiga picha moja ya mwisho ya sanduku la kumi na tisa, basi.

Humo mlikuwa na vipande vya mwamba vilivyotolewa na mashine ya kuchimba, vya mviringo kama mipini ya jembe. Ni tope la bahari ya kale lililogeuka jiwe. Bahari ile niliisimulia mpaka ndugu zangu wakawa wananikimbia: maji ya chini hayakuchanganyika na ya juu, mwani uliokufa ukazama kwa wingi, bakteria wakaula na kumaliza oksijeni. Minyoo ikafa. Tope likakosa wa kulivuruga, mabaki ya mwani yakabaki humo bila kuoza, likawa jeusi tii. Mimi nilidai bahari ilikosa pumzi polepole, maana katika sanduku langu vishimo vya minyoo vilipungua kidogo kidogo kuelekea juu, ukaja weusi, kisha minyoo ikarudi ghafla. Msimamizi wangu, Profesa, alidai ilikabwa mara moja. Tuligombana miaka mitatu, yeye na kitabu alichokitoa mwaka juzi, mimi na sanduku langu.

Sasa nimepiga magoti, nimewasha taa ya simu, nakitazama kitabaka cha mchanga chenye unene wa kidole. Mchanga ukizama majini, punje kubwa hutangulia chini. Hata mtoto akitikisa chupa ya maji machafu ataona. Hapa kubwa zilikuwa juu. Na mimi nilikuwa nimekiona kitabaka hicho mwaka wa kwanza, nikakitafutia sababu. Nusu ukurasa mzima wa sababu!

"Baba Ghala!" niliita. Ndivyo tulivyomwita mtunza ghala, mwashi mstaafu. Alikuja akifuta mikono. "Mishale ya rangi iko wapi? Wachimbaji huchora mshale kwenye kila kipande, kuonyesha juu ni wapi."

"Aa, yale madoa? Niliyasugua, binti yangu, walipokuja wale wageni rasmi, kabla wewe hujaanza. Sabuni na brashi ya chuma. Si unaona vipande vinavyong'aa?"

"Na ulivirudishaje?"

"Nilianza na cha chini kabisa. Ukuta si huanza chini?" Alivipapasa kwa fahari. "Nikahakikisha kila kimoja kimekaa na mwenzake. Tafuta ufa humo kama utauona."

Ndiyo maana sikushtuka miaka yote ile. Sanduku husomwa kama ukurasa: kilichotoka juu zaidi ardhini hukaa mwanzo. Yeye alijenga ukuta wake humo, safi kabisa, na bahari yangu ikasimama kichwa chini miguu juu. Kumbe minyoo ilitoweka ghafla, ikarudi polepole. Profesa ndiye aliyekuwa sahihi, na hilo liliniuma kuliko yote.

Nilimpigia simu. Alifika, akautazama mchanga. Nilingoja anicheke.

"Futa ile nusu ukurasa, na mchanga usiupige picha," alisema. "Watahini hawafiki humu."

"Profesa! Miaka mitatu unanipigia kelele kwamba ilikabwa ghafla. Leo umeshinda, unaniambia ninyamaze?"

"Nikishinda, wewe unarudia mwaka mzima. Na kazi anapewa mwingine. Fikiri, mama."

Nilifikiri. Nilimchukia yeye, nikamchukia Baba Ghala na sabuni yake, nikajichukia mimi zaidi. Kisha nikaiandikia ofisi ya shahada kwamba naahirisha utetezi, nikautuma ujumbe kabla moyo haujanigeuka. Machozi yalikuwa yananitoka, wala sikuyafuta.

Profesa alitikisa kichwa, akaelekea mlangoni.

"Na yako je, Profesa, tuyageuze leo?" Baba Ghala aliuliza.

"Yangu yapi?"

"Masanduku ya shimo la saba. Si ndiyo uliyoyaandikia kitabu? Niliyaosha wiki hiyohiyo."

Profesa alisimama. Alirudi taratibu, akavua koti, akanyoosha mkono nimpe simu yenye taa. Nikampa. Alipiga magoti mbele ya sanduku lake la kwanza, akaanza kutafuta mchanga.