Siku Tisa za Kipimajoto

Barua ya ukaguzi ilipofika maabarani, Zdravka Kolarova, mkuu wa maabara, aliyasoma majina ya wakaguzi mara mbili. La mwisho lilikuwa la Ognyan Vlahov. Alikuwa na siku tano za kumkataa mkaguzi yeyote kama alikuwa na shaka naye. Akatia sahihi kuwakubali wote, maana aliona kumkataa ni kukiri kwamba anamwogopa.

Miaka kumi na moja nyuma, Ognyan alifanya kazi chini yake katika maabara hiyohiyo ya maziwa, kwenye mji mdogo wa milima ya Rodopi. Siku moja Zdravka alimfumania akiandika namba za sampuli ambazo hakuzipima. Hakumfukuza. Alimsimamisha mbele ya wenzake, akamfanya azisome zile namba kwa sauti, moja baada ya nyingine, na kwa kila namba akamwuliza, "Na hii uliiota saa ngapi?" Wenzake walicheka wakashika mbavu. Wiki haikuisha, Ognyan akaacha kazi.

Sasa alikuja na koti la bei ghali, akakataa kahawa, akakataa na banitsa ya moto, andazi la jibini, aliyoileta Yoana, msaidizi wa Zdravka kwa miaka sita. Alipekua mafaili tangu asubuhi asione kosa. Saa nane mchana akafika kwenye kabati la kuoteshea vijidudu, akakiinamia kipimajoto.

"Cheti chake kiko wapi?"

Zdravka akampa. Kila mwaka kipimajoto kilipelekwa jijini kuhakikiwa. Safari hii theluji ilikuwa imefunga barabara.

"Nisomee tarehe, mama."

"Si unaiona mwenyewe?"

"Naiona. Nataka na hawa waisikie."

Wafanyakazi wakaacha walichokuwa wakifanya. Zdravka akasoma. Cheti kilikuwa kimeisha muda siku tisa zilizopita.

"Katika siku hizo umeotesha sampuli ngapi humu?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Kwa joto gani?"

"Nyuzi thelathini. Halijayumba."

"Umejuaje? Au umeota?"

Hakuna aliyecheka.

"Usinichukie," Ognyan akasema huku akiandika. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba namba isiyo na ushahidi ni uongo."

Ithibati ya maabara, kibali kinachofanya majibu yake yakubalike, ikasimamishwa. Mashine zilikuwa zilezile na mikono ileile, lakini karatasi zilizotoka pale zilikosa nembo ndogo ya ithibati pembeni.

Wa kwanza kuumia alikuwa mzee Gancho, mfugaji wa ng'ombe kumi na wawili. Kiwanda cha jibini kilikataa maziwa yake, kikidai yana mabaki ya dawa za ng'ombe. Zdravka akayapima mara tatu, akayakuta safi. Gancho akapeleka majibu kiwandani, akarudi nayo yamekunjwakunjwa.

"Wameniambia karatasi hii nikafungie jibini," akasema. "Haina nembo, haina neno."

"Maziwa yako ni safi, mzee Gancho. Naapa."

"Kiapo chako nikampe nani? Miaka ishirini nimekuletea maziwa. Siku moja tu ndiyo nimekuhitaji."

Maabara ya jijini ilikuwa na foleni ya wiki tatu. Kila asubuhi Gancho alikamua na kumwaga mferejini, mpaka akachoka, akawauza ng'ombe wote kwa mchinjaji.

Mwezi uliofuata kipimajoto, kilichopelekwa jijini barabara ilipofunguka, kikarudi na cheti kipya. Hakikuwa na kasoro. Hata siku zile tisa kilikuwa kinasema kweli. Zdravka akakimbilia ofisini kwa mwenye maabara, Bwana Haralampi, cheti mkononi.

Haralampi alikisoma chote.

"Wanakuja kutukagua upya," akasema. "Lazima niwaonyeshe kwamba nimebadilisha kitu. Kipimajoto, kumbe, hakina kosa. Nimebaki na wewe, mama."

"Nani atashika nafasi yangu?"

"Yoana. Alikubali tangu Jumatatu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu walikula pamoja mchana, Yoana akamwongezea supu ya maharage bila kuombwa.

Alimkuta akiosha chupa. Yoana hakugeuka.

"Ningekataa wangeleta mtu wa nje, mama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

Zdravka akavua koti lake jeupe. Akatazama pa kulitundika. Msumari wake tayari ulikuwa na koti la Yoana. Akalikunja, akaliweka juu ya kiti, akatoka.