Nje ya Kiini

Daktari alimwambia mume wangu atoe ulimi, nao ukatoka ukifurukuta juu juu kama maji ya sufuria yanayokaribia kuchemka. Hakuwa anautikisa. Ulikuwa unajitikisa wenyewe, huku mwenye ulimi ametulia, ametukodolea macho. Nikautazama nikasema moyoni: kumbe huyu ndiye shahidi waliyemtumia.

Maana mimi sisahau. Wengine wamejaliwa uzuri, mimi nimejaliwa kutosahau. Nakumbuka asubuhi ile kwenye lango la kiwanda cha nguo, zamu moja inaingia, nyingine inatoka, msimamizi akamsimamisha mume wangu mbele ya umati na kumpulizisha kile kidude cha kupimia pombe. Hakikuonyesha kitu. Akapuliza tena, hakikuonyesha kitu. Msimamizi akakikung'uta kiganjani. "Kimeharibika hiki," akasema. "Ulimi wake unatosha kuwa kipimo. Hamsikii anavyokokota maneno?" Watu wakacheka. Wapo waliocheka kwa woga, najua, lakini kicheko cha woga nacho masikioni ni kicheko. Siku hiyohiyo akaachishwa kazi kwa ulevi, mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huinusa kwanza.

Tena si mtu hivi hivi. Kiwandani walimwita Spika, kwa sauti iliyopanda juu ya mitambo bila kipaza sauti. Ndiye aliyeupigia kelele mvuke uliokuwa ukituchoma vifua kule kwenye idara ya rangi, ninakofanya kazi mimi, mpaka wakubwa wakatutobolea madirisha. Waliposikia sauti yenyewe inateleza, wakafurahi kama watu waliookota pesa.

"Si ulevi," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, viatu vyake vimelika visigino. "Neva zinazoamrisha misuli zinakufa. Zimeanza za ulimi na koo, zitafuata nyingine. Sina dawa ya kuzirudisha, mama. Sitawadanganya."

Mume wangu akaanza kusema kitu. Nikamrukia. "Anauliza kwa nini." Nilikuwa nimeshazoea kuwa ulimi wake.

Daktari akatugeuzia kompyuta. "Picha hii si yake. Ni ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa huuhuu, akaacha ruhusa atazamwe. Hii ni seli ya neva, na hapa katikati ni kiini, mnamohifadhiwa maagizo ya seli nzima. Kuna protini moja hutengenezwa huku nje, lakini kazi yake kubwa iko mle ndani. Haijipeleki. Ina alama yake, na protini nyingine, za kubeba, huitambua kwa alama hiyo, huipitisha kwenye vitundu vya ukuta wa kiini, huishusha, kisha hurudi kuchukua nyingine. Kwa mtu mwenye afya, rangi hii ya kahawia, inayoionyesha protini hiyo, mngeiona katikati. Sasa tazameni."

Katikati palikuwa peupe. Rangi ilikuwa imebaki nje, imeganda mabonge mabonge.

Nimetia nyuzi rangi tangu usichana wangu. Uzi ambao rangi haikuingia moyoni, ukiukata unauona: nje umekolea, ndani mweupe. Idarani kwetu uzi wa namna hiyo haulaumiwi. Tunauliza maji yalikuwa na joto gani na dawa ilitiwa wakati gani.

"Nani kaizuia?" nikauliza. "Wabebaji? Au vitundu?"

"Bado tunabishana. Huenda vitundu vimeharibika. Huenda wabebaji wenyewe wamenaswa kwenye mabonge. Huenda protini iliganda kwanza, hayo mengine yakafuata. Tunachokiona ni kwamba ndani kazi imelala, na nje kuna rundo linaloidhuru seli. Hasara juu ya hasara."

Mume wangu akatoa sauti, nami nikadakia: "Anasema hata mwilini mwake wamemwekea msimamizi wa lango."

Daktari akacheka. Mume wangu hakucheka. Akatikisa kichwa, akaanza upya, kila silabi akiisukuma kama gari lililozima. "Nimesema... nani... atawaambia... wenzangu?"

Utani ule ulikuwa wangu. Nilimtungia.

Meneja wa kiwanda alitupokea kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua. "Tumesoma maelezo ya daktari. Tunasikitika sana, mama. Tutaandika barua iingie kwenye faili lake."

"Mlimtukana kwenye faili?"

"Sijakuelewa."

"Mlimtukana langoni, kwa mdomo, watu wakisikia. Leo mnataka kumsafishia kabatini?"

"Utaratibu hauruhusu mikutano langoni."

"Kumpulizisha mtu mzima mbele ya zamu mbili, utaratibu uliruhusu?"

"Mama, wewe pia ni mfanyakazi wetu. Angalia maneno yako."

"Nayaangalia sana, bwana. Mwenzangu yanamwishia."

Kesho yake tukasimama palepale langoni, saa ya kubadilishana zamu. Msimamizi alipotuona akapaza sauti: "Haya, Spika karudi! Leo unatuhutubia au unatuimbia?"

"Shemeji, semeni upesi," mfumaji mmoja akaninong'oneza. "Honi ya zamu inakaribia kulia."

Hotuba ilikuwa imenijaa kifuani: protini, vitundu, kidude kilichokung'utwa, kicheko chao. Ningewachoma wote kwa pumzi moja. Nikafungua mdomo. Mume wangu akanishika mkono, si kwa nguvu, maana nguvu nazo zilishaanza kumtoka. Nikaufumba mdomo. Hasira ikabaki mdomoni kama tonge la moto, nami nikaishikilia humo humo.

Akaanza. "Mimi... si... mlevi." Pale tu pakapita muda wa kumtosha mtu kuvuka barabara. Kisha akaingia kwenye habari ya seli, akaanza kuwaeleza kama alivyoelezwa. Mate yakamtiririka kidevuni. Mkono wangu ulitaka kuyafuta, nikaukataza.

"Anasema nini?" mtu akauliza kutoka nyuma. Nyuso zote zikanigeukia mimi.

"Mimi siye ninayesema," nikawaambia. "Ngojeni amalize."

Honi ikalia. "Ingieni!" msimamizi akafoka. "Zamu! Ingieni!"

Fundi mitambo mmoja akautua mfuko wake chini, akakunja mikono. Mwanamke aliyekuwa kando yake naye akautua wake. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya kukasirika. Lango lilikuwa wazi, na nyuma yake mitambo iliyoachwa na zamu iliyotoka imenyamaza.

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye kiini.