Akina Mama wa Bwawani

Devota alikuwa mkunga wa zahanati ya Area D, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakuogopa chochote ila maji. Alipokuwa msichana kule Busi, korongo lililofurika ghafla lilimsomba yeye na ndoo yake, akaokolewa kwa kuvutwa nywele. Ndiyo maana majirani walicheka waliposikia kwamba kila Jumamosi anajifunza kuogelea na shoga yake Zaitun, fundi cherehani, kwenye bwawa la hoteli ya shirika la umma. Wenyewe walicheka kuliko wote. Waliingia na khanga zao, wakang'ang'ania ukuta, wakapiga mateke mpaka maji yakawarukia waliokaa kivulini.

Kisha shirika likabinafsishwa. Mwekezaji akapaka hoteli rangi, akasimika miavuli, akaleta meneja kijana aitwaye Ludovick, mtu wa tai hata kwenye jua la saa saba. Kiingilio cha bwawani, ambacho zamani kilikuwa bei ya soda, kikawa bei ya kuku mzima.

Getini, mlinzi Masudi aliona haya kuwazuia.

"Shikamooni mama zangu. Si mimi, ni ofisi."

"Marahaba, mwanangu," Devota akajibu. "Basi tupeleke kwa hiyo ofisi."

Ludovick aliwapokea kwa heshima, akawapa viti. "Mama zangu, bwawa hili sasa ni la wageni. Wabunge, wafadhili, watu kama hao."

"Bunge limeahirishwa wiki iliyopita," Devota akasema. "Hao wageni wako wapi?"

Meneja akachungulia dirishani. Bwawani palikuwa na kunguru mmoja tu, anakunywa maji kwa raha zake. Akakohoa, akahamia sababu nyingine: nyuzi za khanga zinaziba chujio la pampu. "Mkija na nguo rasmi za kuogelea, tutaongea." Alisema hivyo akiamini kabisa kwamba wanawake wa umri ule hawatathubutu.

Njiani Zaitun akaanza kucheka peke yake.

"Una nini wewe?"

"Amesema tutaongea. Hujamsikia?"

Kesho yake Zaitun alikuwa mnadani, kwenye marundo ya mitumba, akivuta taiti moja baada ya nyingine kuona ipi inanyumbuka vya kutosha kushonea nguo za kuogelea. Yeye mwenyewe hakutaka goti lake lionekane, wala nywele, kwa hiyo akabuni vazi lake: suruali hadi vifundoni, kijisketi juu, na kofia ya kubana. Habari zikavuja. Kufika Jumamosi, nyuma ya Devota na Zaitun walisimama akina mama wa mtaa mzima, kila mmoja na vazi lake chini ya gauni.

Ludovick alitoka ofisini, akawatazama. Ahadi ilikuwa yake. Akawaashiria waingie.

Devota akatangulia. Zaitun alikuwa amemshonea vazi pana kidogo mgongoni, na alipozama, hewa ikaingia humo, mgongo ukaumuka kama andazi kwenye mafuta. Akawa anaelea akizunguka, anapiga kelele, "Zaitun! Umenishonea puto!" Akina mama wakavunjika mbavu. Masudi akaacha geti lake. Ludovick naye akacheka mpaka akalegeza tai. Mchana akina mama waliagiza soda na chipsi, na mhudumu aliyekuwa akisinzia tangu wabunge waondoke akapata pa kukimbilia. Jioni hiyo meneja akakubali: Bunge lisipokuwepo, bei ni ile ya zamani.

Miezi ikapita. Bunge likarudi mjini, na Devota akaanua vazi lake kambani, akalikunja na kulitia sandukuni. Moyo ulimwuma kuliko alivyotarajia. Alikuwa ameanza kuuachia ukuta.

Lakini Masudi akaja zahanati na ujumbe. "Mama, meneja anasema asubuhi wabunge wote wako ukumbini. Bwawa liko tupu. Anauliza mmepotelea wapi."

Asubuhi iliyofuata, Devota alikuwa katikati ya bwawa, anapiga mikono bila kushika kitu, aliposikia anaitwa. Ukingoni alisimama dada mmoja wa sekretarieti ya Bunge, faili kwapani, viatu mkononi.

"Samahani mama. Mwalimu wenu ni nani?"

"Hatuna mwalimu," Devota akajibu akihema. "Weka hilo faili mbali, uje."