Futi Moja ya Jirani

Fusae alishika fagio kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mgongo ukimuuma tangu shingoni mpaka kiunoni. Miaka sabini na minne si mchezo. Katika mtaa huu wa wafumaji wa hariri, Kyoto, mtu hufagia mbele ya mlango wake kila siku, na akifika mpakani huongeza futi moja tu upande wa jirani. Usipoiongeza, una roho mbaya. Ukiizidisha, umemtukana mwenzio: umemwambia hajiwezi. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini imewazika mabwana wa vita wote waliowahi kupiga kambi hapa.

Jirani yake, Mineko, mjane wa miaka themanini na miwili, alikuwa na siku tisa hajafagia. Majani ya Novemba yalirundikana mlangoni pake, na wageni waendao mahekaluni walikuwa wakiyapiga picha, eti mazuri! Fusae alitamani kuwazaba vibao. Leo Shinsuke, mtoto wa Mineko, angefika kutoka Tokyo. Akiyaona majani yale angemhamishia mama kwake, na nyumba ingegeuzwa ya kulaza wageni, kama zile nne za kule juu. Fusae angebaki bila mtu wa kunywa naye chai.

Basi akavuka mpaka. Alifagia futi moja, mbili, mpaka ukuta wa mwisho, akinyata kama mwizi wa kuku. Kisha akanyunyiza maji, kama Mineko alivyozoea. Alipomaliza alikaa kizingitini, hoi, vidole vimekakamaa.

Shinsuke alifika saa nne. Kupitia ukuta Fusae alisikia vicheko, akajipongeza. Saa saba, Shinsuke alipoaga, Fusae alibeba sahani ya vitamutamu vya maharage akaenda kwa Mineko.

"Karibu, mdogo wangu," alisema Mineko, amekaa sakafuni, hajavua hata aproni. "Mlango wangu leo unang'aa kweli."

Kyoto, ukisifiwa, jikague. Fusae aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Niliogopa Shinsuke asije akaona."

"Nilitaka aone!"

Fusae akaiweka sahani chini.

"Siku tisa nimeyaacha. Unadhani nilisahau? Kila asubuhi mikono inaniwasha, najizuia. Nilitaka mwanangu aone, aseme mwenyewe, 'Mama, twende.' Mimi nitamwambiaje? Mtu anaombaje kubebwa?"

"Kasemaje?"

"Kasema, 'Mama, wewe bado chuma!' Akafurahi, maskini, nikacheka naye. Nimechoka, Fusae. Ngazi zimenishinda. Wiki nzima nalala jikoni."

"Si ungeniambia!"

"Si ungeuliza!"

Walitazamana. Miaka hamsini ya ukuta mmoja, na hawajawahi kuambiana neno lililonyooka. Fusae aliona aibu, na chini ya aibu akaona jambo baya zaidi: hakuyafagia yale majani kwa ajili ya Mineko. Aliyafagia kwa ajili yake mwenyewe.

Alitoka na kandambili za ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kwenye kituo cha basi Shinsuke alikuwa bado amesimama. Mabasi mawili yalikuwa yamempita, yamejaa wageni hadi mlangoni.

"Shangazi! Kuna nini?"

"Baridi imeanza mapema mwaka huu," alianza Fusae, kama adabu inavyotaka. Kisha adabu ikamchosha. "Mama yako hajiwezi. Mlango nimeufagia mimi. Analala jikoni, ngazi zimemshinda. Anataka kwenda kwako na hatasema mpaka afe. Mchukue leo."

Shinsuke alibadilika rangi. Akainama mbele yake, chini kabisa, watu wakitazama. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Na wewe, shangazi? Utabaki na nani?"

Sasa ndiyo ilikuwa zamu ya Fusae kusema ukweli wake. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Fusae alitengeneza ukosi wa nguo yake, akatabasamu.

"Mimi? Mimi sina shida yoyote."

Shinsuke alimwamini, akakimbilia kwa mama yake.