Redio ya Wakili

Nyumbani kwetu kila mtu anaijua dalili yangu. Mazungumzo yakimgusa mteja wangu, naongeza sauti ya redio. Nisipoigusa, wanajua hakuna neno. Nilipoanza uwakili nilidhani huo ni ujanja wa kukwepa maswali. Kumbe nilikuwa nawajibu. Aliyenigundua ni mdogo wangu, fundi wa mashine kiwanda cha sabuni, na hakuacha kunitania.

Jioni ile aliingia meno yote nje.

"Dada, sabuni basi! Kiwanda cha magodoro kimenipa ufundi mkuu. Kesho napeleka barua ya kuacha kazi."

Nikalirudisha tonge kwenye sahani. Mwenye kiwanda cha magodoro alikuwa mteja wangu, na mwisho wa mwezi alikuwa anakifunga. Hata meneja wake, aliyekuwa bado anaajiri watu, hakujua.

Nikajifanya nafuata maji jikoni, nikampigia simu mteja wangu.

"Mzee, niruhusu nimwambie mtu mmoja tu. Ni ndugu yangu wa damu."

"Wakili, mke wangu mwenyewe hajui. Neno likivuja, mnunuzi wa mashine ananikimbia. Hapana." Akakata.

Niliporudi, mdogo wangu alikuwa ameisogeza redio mbele ya sahani yangu. Ilikuwa inaimba taratibu.

"Haya, mheshimiwa. Sitaki useme kitu. Niache kazi, nisiache?"

Aliuliza kwa utani, lakini macho yalikuwa kwenye mkono wangu. Ana watoto wadogo. Ningekizungusha kile kitufe kidogo tu, ile barua isingekwenda popote, na hakuna ambaye angenishtaki kwa kupenda muziki. Ila mimi ningejua nimesema. Nikaikalia mikono yangu yote miwili. Sijawahi kuichukia kazi yangu kama wakati ule.

Redio ikaendelea kuimba taratibu.

"Basi mambo safi!" Akanikumbatia, akatoka akipiga mluzi.

Mwisho wa mwezi kiwanda kilifungwa. Jioni hiyohiyo alikuja, akakaa kwenye kiti kilekile, na safari hii hakunitania. Kule kwenye sabuni nafasi yake ilishapata mtu. Nilikuwa na maneno mengi, na sasa siri haikuwa siri tena.

"Mdogo wangu," nikaanza, "nisikilize..."

Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho.